Bima ya gari la zamani: mwongozo kamili kwa wenye pijo, Landrova na Volkswagen za enzi zile

Trekta la miwa lilirudi nyuma pale Awasi, njia ya Kisumu kwenda Kericho, tela likapanda buti la pijo langu. Si ajali ya kutangazwa. Hakuna aliyeumia, na mimi mwenyewe nilikuwa nje nikinunua maembe. Buti lilikunjamana, taa moja ya nyuma ikapasuka, bampa ya kromu ikapinda katikati. Dereva wa trekta alikuwa kibarua wa siku, na trekta lenyewe halikuwa na bima yoyote. Nikajifariji kwamba mimi ninayo, tena bima kamili, ile watu huita komprehensivu.

Gari ni Peugeot 504 ambalo baba alilinunua jipya mwaka wa 1978. Mwaka ule nilipokata bima, fomu iliponiuliza thamani nilitaja shilingi 350,000. Nilidhani nimekuwa mjanja: thamani ikishuka, malipo nayo yatashuka. Fundi wa bodi alipomaliza kukadiria, hesabu ilikuja 185,000. Kampuni ikaniita ofisini ikanieleza kwamba gharama imepita nusu ya thamani, kwa hiyo gari limefutwa, yaani halitengenezwi, linalipiwa tu. Mkaguzi wao akaongeza kwamba kwa umri wake, bei ya soko ni 220,000 tu. Wangekata eksesi, ile sehemu ya hasara anayoibeba mwenye bima, ya 20,000, wanipe 200,000, wao wabaki na gari.

Pijo la baba lilikuwa linapelekwa kwa wauza vyuma kwa sababu ya bampa na buti.

Niliokoa gari, lakini kwa kubembeleza kwa wiki saba. Wakakubali nibaki na mabaki, yaani gari lenyewe lililogongwa, kwa kukatwa 45,000, wakanilipa 155,000. Niliongeza 30,000 mfukoni likatengenezwa. Kilichoniuma zaidi nilikigundua nilipoisoma tena risiti ya bima: nilikuwa nimelipa 30,000, kima cha chini cha kampuni kwa bima kamili. Kwa kiwango chao cha asilimia 5, pesa hizo zilitosha gari la 600,000. Nilikuwa nimejipunguzia thamani bila kuokoa hata shilingi moja.

Haya yanayofuata ndiyo ninayofanya sasa, na ndiyo ninayomwambia kila anayenisimamisha kwenye kituo cha mafuta kuuliza habari za pijo.

Kwanza, jua gari lako ni la zamani la aina gani

Kuna gari kuukuu na kuna gari la zamani. Saluni ya Kijapani ya mwaka wa 2004 yenye kutu milangoni ni kuukuu. Thamani yake inaendelea kushuka na itaendelea. Landrova ya miaka ya 60, Datsun 1600 SSS, Mercedes W123, Volkswagen ya mgongo wa kobe, Ford Cortina, Morris Minor, Peugeot 404 au 504: haya, yakiwa katika hali nzuri, yalishafika chini kabisa zamani na sasa yanapanda bei. Tatizo ni kwamba mfumo wa kampuni ya bima hautofautishi. Unaona mwaka wa kutengenezwa, unapiga hesabu ya uchakavu, unatoa jibu.

Kwa hiyo kabla ya kumpigia ajenti simu, jibu maswali matatu kwa ukweli. Ukiliuza leo, kuna mtu atakayelinunua kwa sababu ni la zamani, au atalinunua licha ya kuwa la zamani? Likigongwa, utataka pesa au utataka gari? Unaliendesha kila siku kwenda kazini, au ni la Jumapili na safari za nyumbani?

Aliye na gari kuukuu la kila siku hahitaji kuendelea kusoma sana. Bima ya mtu wa tatu, ile inayolipa hasara ya wengine na si ya gari lako, au ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi, itamtosha, na pesa atakazookoa azipeleke kwenye matairi na breki. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka gari.

Sheria inakudai nini

Sheria ya Kenya ya bima ya magari, Sura ya 405, haina mlango wa pembeni kwa magari ya kale. Gari likiwa barabarani, liwe la 1958 au la mwaka jana, lazima liwe na bima ya kulipia kifo au majeraha ya watu wengine. Kiwango ambacho kampuni hulazimika kulipa kwa mtu mmoja chini ya sheria hiyo kina ukomo wa shilingi milioni 3. Hukumu ikipita hapo, ziada inaweza kukuangukia wewe. Kumbuka hilo unapopakia jamaa sita kwenda mazishini Siaya kwenye gari lisilo na mikanda ya nyuma.

Uharibifu wa mali ya watu ni jambo jingine. Unategemea mkataba wako, nao una ukomo wake. Uliza ukomo ni kiasi gani. Ukiligusa gari jipya la mtu pale Kondele, taa moja ya mbele inaweza kugharimu kuliko injini yako nzima.

Ikiwa gari liko kwenye mawe, injini iko mezani kwa fundi na haliendi popote mwaka huu, usikate bima ya barabarani. Uliza bima ya moto na wizi kwa gari lililoegeshwa. Si kila kampuni inayo, lakini broka mzuri, yaani dalali wa bima, huipata. Gari likiwa kwenye matengenezo ndipo huwa hatarini zaidi: cheche za kuchomelea, petroli kwenye kopo, vijana wa gereji wasiojua kwamba ile taa ya nyuma haipatikani tena nchini.

Karatasi: hapa ndipo kleimu (madai ya fidia) hufia kabla ya kuzaliwa

Toa logibuku, hati ya umiliki wa gari, nenda nayo hadi kwenye gari, na ulinganishe nambari ya chesi herufi kwa herufi. Usiamini kumbukumbu. Magari mengi ya sasa yana nambari ya tarakimu na herufi 17, utaratibu ulioanza kutumika mwaka wa 1981. Gari la miaka ya 60 au 70 lina nambari fupi zaidi. Nilipokwenda kuhuisha bima jijini Kisumu, binti aliyekuwa kwenye kompyuta alihangaika nayo dakika kumi, kisha akaniambia, “Mzee, mfumo unakataa. Niongeze sufuri mbele zijae?”

Nikamwambia, “Binti yangu, usiongeze kitu. Ukiongeza, hilo litakuwa gari lingine.”

Alimpigia mkubwa wake, wakapata njia. Sufuri zile zingebaki kimya mwaka mzima, kisha siku ya kleimu mtu angeuliza kwa nini chesi iliyo kwenye cheti si ile iliyo kwenye logibuku. Fanya hivyo hivyo kwa nambari ya injini. Magari mengi ya umri huu yamebadilishwa injini mara moja au mbili, na mabadiliko hayakuandikishwa. Yaandikishe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwanza, bima baadaye.

Halafu jina. Magari mengi ya zamani huku kwetu bado yako kwa jina la marehemu. Baba alifariki, gari likabaki uani, mtoto wa kwanza akaanza kuliendesha, na logibuku bado ni ya mzee. Bima inataka uwe na haki ya kifedha kwenye kitu unachokiwekea bima. Ukikata kwa jina lako gari lililo la mirathi isiyosuluhishwa, kampuni ina sababu ya kukataa, na ikilipa, ndugu zako wana sababu ya kukushtaki. Maliza mirathi mahakamani, kisha uhamishe umiliki kupitia mtandao wa serikali. Ikiwa mirathi bado inaendelea, bima ikatwe kwa niaba ya warithi na msimamizi wa mirathi atajwe. Si kazi tamu. Mimi ilinichukua karibu mwaka mmoja na dada zangu wote wanne ilibidi watie saini.

Nambari za usajili nazo: magari yaliyosajiliwa kabla ya mfumo wa KAA kuanza mwaka wa 1989 yana herufi tatu na tarakimu bila herufi ya mwisho. Karani mchanga anaweza kudhani umesahau kuandika herufi. Mwonyeshe sahani.

Tathmini: hatua ambayo haifai kuharakishwa

Kampuni ikikubali kukupa bima kamili itakupa barua ya kwenda kwa mthamini wake, mara nyingi bila malipo. Nenda, lakini usiende mikono mitupu. Mthamini wa kawaida anakagua magari mengi kwa siku, na karibu yote ni ya Kijapani ya miaka kumi iliyopita. Akiliona pijo lako atatafuta mwaka, atatikisa kichwa, ataandika takwimu inayomwondolea lawama.

Mpe sababu ya kuandika nyingine. Mimi huenda na faili ya kadibodi. Ndani yake kuna:

Picha thelathini hivi. Si picha za kujionyesha. Kila upande, chini ya gari, sehemu ya injini, sakafu baada ya kuinua zulia, ndani ya buti, viungo vya milango, kilomita kwenye dashibodi, nambari ya chesi. Ziwe na tarehe. Kutu ikiwepo, ipige picha pia. Mthamini akiona hufichi kitu ataamini mengine.

Risiti za miaka yote, hata zile za kuandikwa kwa mkono za fundi wa Kibuye. Fundi akikwambia hana kitabu cha risiti, mnunulie. Kazi ya rangi, kabureta, gasketi, ushuru wa spea ulizoagiza kutoka Ufaransa. Zijumlishe kwa mwaka. Gharama ya matengenezo si sawa na thamani ya gari, lakini inathibitisha hali yake.

Bei za magari kama lako yaliyotangazwa kuuzwa nchini katika miezi ya karibuni, angalau matatu, yakiwa na picha na kilomita. Hii ndiyo karatasi yenye nguvu kuliko zote, maana mthamini anaweza kuinukuu.

Na historia ya aina ya gari, nusu ukurasa tu. Usione haya. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka wa 1963, kisha mfululizo kutoka 1966 hadi 1968. 504 ilishinda 1975 na 1978. Watu hulipia historia hiyo, na mthamini aliyezaliwa 1998 huenda hajui. Ukiwa umewahi kulipeleka gari kwenye mashindano ya Concours, ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale Ngong Racecourse, yanayofanyika tangu 1970, weka pia karatasi ya alama za majaji. Watu wasiokujua walilikagua wakatoa alama; huo ni ushahidi.

Ukiona takwimu ya mthamini wa kampuni bado ni ya kudharau, lipia tathmini yako mwenyewe. AA ya Kenya, chama cha wenye magari kilichoanza mwaka wa 1919, hufanya tathmini, na wapo wathamini binafsi. Uliza mapema kama kampuni itaipokea ripoti ya mthamini uliyemchagua. Mimi nililipia, nikapata 780,000 dhidi ya 400,000 ya kwanza, tukakubaliana 700,000. Sikugombania tena. Thamani iliyopanda mno nayo ina hatari yake: unalipia mwaka mzima takwimu ambayo siku ya kleimu watakataa kuiheshimu, isipokuwa umefanya hatua inayofuata.

Thamani ya soko au thamani ya makubaliano

Nikiruhusiwa kukwambia jambo moja tu kuhusu bima ya gari la zamani, ni hili.

Mkataba wa kawaida wa bima kamili hapa Kenya hulipa thamani ya soko ya gari siku lilipoharibika au kuibwa. Ile takwimu iliyoandikwa kwenye mkataba ni dari tu. Unaweza kuwa umelipia 700,000 miaka mitano, kisha mkaguzi akaja na kalamu yake akaandika 220,000, na akawa ndani ya mkataba kabisa. Mimi ndivyo nilivyofanyiwa, na nilipoisoma karatasi niligundua hawakuvunja neno hata moja.

Thamani ya makubaliano ni kitu kingine. Hapo mnaafikiana kabla kwamba gari likipotea kabisa, kinacholipwa ni takwimu hii, kutoa eksesi, bila kurudi kwenye mjadala wa soko na uchakavu. Marekani na Uingereza kuna kampuni zinazoishi kwa biashara hii, kama Hagerty iliyoanza Michigan mwaka wa 1984. Kwetu si bidhaa ya rafuni. Inaombwa, na huja kama kiambatisho cha mkataba.

Mkataba utaandikwa kwa Kiingereza, na maneno yao yatakuwa yao, lakini hakikisha maana yake ni hii: kampuni na mwenye gari wamekubaliana kwamba thamani ya gari hili kwa kipindi hiki cha bima ni shilingi kadhaa, kwa kutegemea ripoti ya tathmini ya tarehe fulani, na kwamba gari likipotea au likiharibika kabisa kampuni italipa kiasi hicho bila kutoa uchakavu. Kiambatisho kiwe na muhuri, saini na nambari ya mkataba wako. Ajenti akikwambia kwenye simu, “Usijali mkubwa, hiyo tumeelewana,” mjibu kwamba umeelewa na unasubiri karatasi.

Kando ya hilo, omba mambo mengine mawili yaandikwe.

La kwanza ni kiwango cha kulifuta gari. Mikataba mingi hulifuta gari gharama ya matengenezo ikipita sehemu fulani ya thamani, mara nyingi nusu. Kwa gari la thamani ya 350,000, mpaka ulikuwa 175,000, na buti langu lilikuwa 185,000. Kwa 700,000, mpaka ni 350,000, na ajali ile ile ingekuwa kleimu ndogo ya kawaida. Unaona jinsi takwimu moja kwenye fomu ilivyoamua kama gari litaishi.

La pili ni haki ya kubaki na mabaki. Iandikwe kwamba gari likifutwa, mwenye gari atapewa nafasi ya kwanza ya kulichukua kwa bei ya mabaki. Bila hilo, gari linaweza kwenda kwa mnunuzi wa vyuma akalivua vioo na kromu vya maelfu, huku wewe ukitafuta taa ile ile kwenye vibanda vya spea vya Grogan, Nairobi.

Usipunguze thamani ili kuokoa malipo

Nimeshakwambia yangu. Lakini hata pasipo gari kufutwa kuna kisu kingine, kanuni ya uwiano. Tuseme gari lina thamani ya 900,000 nawe umeandika 600,000. Kwa macho ya kampuni, theluthi moja ya hatari umeibeba mwenyewe. Uharibifu ukiwa 150,000, wanalipa theluthi mbili, yaani 100,000. Toa eksesi ya asilimia 2.5 ya thamani uliyoandika, ambayo ni 15,000. Unapokea 85,000. Zile 65,000 zilizobaki ni zako.

Malipo yenyewe huhesabiwa hivi. Chukua gari la 900,000 kwa kiwango cha mfano cha asilimia 5: ni 45,000. Juu yake kuna ada ya mafunzo ya asilimia 0.2 ya malipo hayo, shilingi 90, na ya mfuko wa fidia ya wenye bima ya asilimia 0.25, shilingi 112.50, kisha stempu ya shilingi 40. Jumla 45,242.50. Kotesheni ikiwa na mstari usioeleweka zaidi ya hiyo, uliza ni wa nini. Na kumbuka kwamba bima haianzi kwa ahadi: kampuni hairuhusiwi kubeba hatari kabla ya kulipwa.

Kupata kampuni itakayokubali

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Kampuni nyingi zina kikomo cha umri kwa bima kamili, mara nyingi miaka 15 hivi, na ukiandika mwaka wa 1978 kwenye programu ya simu inakurudisha kwenye bima ya mtu wa tatu bila hata salamu. Usigombane na programu. Tafuta broka, si ajenti wa kampuni moja. Ajenti anauza alichopewa. Broka anaweza kulibeba faili lako hadi kwa mwandishi wa bima mwenyewe, mtu mwenye mamlaka ya kupindisha kanuni ya umri. Thibitisha kwamba broka na kampuni wote wako kwenye orodha ya mwaka huu ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima.

Mwandishi huyo anataka kusikia kwamba gari lako ni hatari ndogo. Mwambie yaliyo kweli: linaendeshwa kilomita ngapi kwa mwaka, linalala kwenye gereji yenye kufuli, dereva ni mmoja, una gari jingine la shughuli za kila siku, lina kifaa cha kufuatilia, nyaya zote zilibadilishwa. Ukijitolea ukomo wa kilomita au ukomo wa madereva, una kitu cha kubadilishana na thamani ya makubaliano. Ukiwa na gari la kila siku, lipeleke kwa kampuni hiyo hiyo. Mimi nilikataliwa mara tatu. Ya nne ilikubali baada ya kuona kwamba gari langu jingine pia linaingia.

Arusi, mashindano na mambo mengine yanayobatilisha

Jumamosi za Desemba jijini Kisumu na Nakuru, gari la zamani lililong’arishwa lina wateja. Jirani anakuomba umbebe bibi arusi hadi kanisani, anakupa 15,000 na mafuta. Ukishapokea pesa hizo, gari limekuwa la kukodisha, na bima ya gari binafsi haifuniki kukodisha. Ajali ikitokea kati ya kanisa na ukumbi, maua yakiwa bado kwenye boneti, mkaguzi hatahitaji kuuliza maswali mengi. Ama ulibebe bure kama zawadi ya kweli, ama uongezewe kifungu cha kukodisha kwa siku hizo kabla ya siku yenyewe.

Mashindano ya mwendo na mazoezi yake hayafunikwi pia. Msafara wa wapenzi wa magari hadi Naivasha kutazama Safari huwa hauna shida, mradi hakuna kushindana, lakini mwarifu broka kwa ujumbe mfupi ili uwe na maandishi. Uliza pia kama fundi anafunikwa anapolijaribu barabarani. Fundi wangu hulitoa kila akimaliza kazi, “kulisikiliza,” na mwaka wa kwanza sikujua kwamba hakuwa kwenye orodha ya madereva.

Hatari za huku kwetu

Soma vifungu vya nyongeza ukiifikiria barabara yako. Ya kwangu ni Kisumu hadi Nakuru: Ahero, Awasi, Kericho, Londiani, Mau Summit, Salgaa. Tambarare ya Kano hufurika, na mafuriko ya 2024 yalionyesha kwamba hata Maai Mahiu, mwisho kabisa wa Kaunti ya Nakuru, hapakuwa salama. Hakikisha mafuriko yametajwa kwa jina. Vilima vya Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi mno duniani, na bodi ya zamani ikibonyea kama kopo hutengenezwa kwa nyundo na subira, kwa bei ya kazi ya mikono. Mvua ya mawe nayo itajwe.

Kinga ya ghasia za kisiasa huongezwa kwa malipo madogo, karibu robo asilimia ya thamani. Anayeikumbuka Kisumu au Nakuru ya mapema 2008, baada ya uchaguzi, haulizi ni ya nini. Chukua. Kinga ya eksesi pia huwa karibu hapo; kwa gari linalogongwa vidogo vidogo mjini ina faida, kwa gari la Jumapili huenda usiihitaji.

Kioo cha mbele kina ukomo wake, mara nyingi 30,000 au 50,000. Uliza kwanza kioo chako kinapatikana wapi na kwa bei gani, kisha upandishe ukomo huo ikibidi. Na uliza kuhusu kuvutwa: gari la zamani lisivutwe kwa kamba wala kuning’inizwa kwa bampa. Libebwe juu ya lori la kitanda. Ukomo wa kuvutwa utoshe safari ya Salgaa hadi kwa fundi wako, si hadi kituo cha polisi cha karibu tu.

Kuna moto pia, ambao watu husahau. Paipu ya petroli ya miaka arobaini na waya uliotafunwa na panya havihitaji trekta. Kizima-moto karibu na kiti cha dereva kitakusaidia kabla ya bima.

Siku likigongwa

Piga picha kabla gari halijasogezwa. Ripoti polisi, uombe abstrakti, ile karatasi yao ya kuthibitisha ajali. Mwarifu broka siku hiyo hiyo kwa maandishi, hata kama unadhani ni mkwaruzo. Usikubali kosa wala kuahidi mtu malipo barabarani. Hilo ni la kampuni. Chukua namba ya cheti cha bima cha aliyekugonga na uihakiki, maana vyeti sasa ni vya kidijitali na vya bandia hujulikana upesi.

Kisha, na hapa gari la zamani linatofautiana na mengine, usiruhusu lipelekwe kwenye gereji ya kampuni bila kuuliza. Gereji ya kisasa itakadiria bei ya sehemu mpya isiyopatikana, au itaandika haipatikani, na gari litakuwa hatua moja kuelekea kufutwa. Omba fundi wako atoe makadirio yake, na ueleze kwamba taa iliyotumika lakini nzima inakubalika kwako. Uliza pia kama watakukata fedha kwa kuweka kipya mahali pa kikuukuu. Wengine hukata, na mkataba huwa umeruhusu.

Mkishindwa kuelewana, andika malalamiko kwa kampuni kwanza, kisha uyapeleke kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima ukiambatisha tathmini, kiambatisho na barua zote. Ukiwa na karatasi ile ya thamani ya makubaliano, barua yako itakuwa fupi. Mimi sikuwa nayo. Barua yangu ilikuwa na kurasa tano na nyingi zilikuwa za hasira.

Mwaka ujao

Thamani ya makubaliano ni ya mwaka mmoja. Usiache bima ijihuishe yenyewe, maana kiambatisho kinaweza kuachwa nyuma bila mtu kukusudia. Wiki sita kabla ya tarehe, piga picha upya, ongeza risiti, uombe tathmini, na usubiri kiambatisho kipya kabla ya kutuma pesa. Nakala moja iwe kwa broka, moja nyumbani, na moja ndani ya gari. Yangu iko kwenye kisanduku cha dashibodi, ndani ya bahasha ya plastiki, pamoja na ile taa ya nyuma ya akiba niliyoipata Nakuru kwa 6,500 kutoka kwa mzee aliyekuwa akiendesha pijo za abiria kwenda Nairobi.